Ndiyo, mkuu wa Deutsche Welle aliwahi kuwa mbunge

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, iliwahi kuongozwa na mwanasiasa, ukihofia uhuru wa habari. Ni kweli, tena wawili mfululizo. Dieter Weirich wa chama cha CDU alikuwa mbunge wa Bundestag, yaani bunge la Ujerumani, kuanzia 1980, akaacha kiti mwaka 1989 kwenda kuwa mkurugenzi mkuu. Alikaa hadi 2001, akafuatiwa na Erik Bettermann wa chama cha SPD, hadi 2013.

Huyo Weirich ndiye wa kutazama kwa makini. Alikuta shirika la redio tu. Aprili 1992 likaanza kurusha televisheni, na 1994 likaingia kwenye intaneti, wakati kwetu bado babu alikuwa akizungusha kitufe cha masafa mafupi na kuvuta antena hadi dirishani ili aipate Idhaa ya Kiswahili, ambayo ilikuwepo tangu 1963.

Wasiwasi wako kuhusu uhuru wa habari ni wa haki kabisa. Chombo kinacholipiwa na serikali kikipewa mtu wa chama, lazima watu wahoji. Mimi naona afadhali ilivyofanyika 2013, alipochaguliwa Peter Limbourg, mwanahabari.