Maswali na majibu: dizeli kuukuu uliyoinunua juzi

Nimenunua gari ya dizeli ya zamani, inatoa moshi. Tatizo nini?

Moshi wa rangi gani jamani? Hili swali linakuja kila wiki na kila wiki mtu hataji rangi. Mweusi ni dizeli nyingi hewa kidogo, anza na filta ya hewa na paipu za turbo, nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda baadaye. Wa bluu inakula oili. Mweupe unaouma macho asubuhi halafu unapotea injini ikipata moto, hiyo ni dizeli haijaungua, soma jibu linalofuata. Mweupe usioisha huku maji yanapungua kwenye rejeta, hapo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka, na unaacha kuiendesha leo, sio ukipata mshahara.

Asubuhi inasumbua kuwaka, napiga stata mara sita saba. Ikishapata moto haina shida. Fundi anasema pampu ya dizeli imekufa, niagize nyingine.

Ameipima na nini? Maana pampu ndio kitu cha bei kuliko vyote pale mbele na sijui kwa nini ndio kinatajwa cha kwanza kila siku. Pampu iliyochoka mara nyingi inasumbua injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi inavuja ndani kwa ndani, yako inasumbua ikiwa baridi, sasa pampu imeingiaje hapo?

Anza na hita, vile vijiti vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Ile taa ya hita kwenye dashibodi kuzima haina maana hita ni nzima, taa inahesabu sekunde tu basi. Fungua bamba linaloziunganisha, pima moja moja kwa mita, nzima inasoma omu 1 hivi au chini yake, iliyokufa haisomi kitu. Mbili zikifa kati ya nne, asubuhi ya baridi lazima uteseke.

Hita zikiwa nzima nenda kwenye betri na stata. Dizeli hizi za zamani zinabana hewa mara 20 hivi, na huo mbano ndio unaoleta joto la kuwasha mafuta, kwa hiyo stata ikizunguka kwa kujivuta joto halipatikani hata ukae hapo mpaka jioni. Bado? Tafuta hewa kwenye laini. Gari ikilala, dizeli inarudi kwenye tanki kwa sababu kuna mpira umepasuka mahali. Kesho kabla hujapiga stata bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, ikiwaka mara moja mwizi umemshika, kagua mipira yote hasa vile vimipira vya kurudishia mafuta juu ya nozeli, vinakauka vinapasuka na ni vya bei ya kutupwa.

Na msipulizie spre za kuwashia kwenye injini yenye hita! Inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni na ringi zinavunjika, halafu unaniandikia tena.

Nibadilishe plagi?

Dizeli haina plagi za cheche. Hata ile ya Rudolf Diesel, mvumbuzi wake, ya 1897 ilikuwa inawaka kwa mbano.

Nimemwaga oili juzi, leo ni nyeusi tii.

Ni masizi. Kawaida kabisa.

Muuzaji anasema taiming belti ilibadilishwa. Nimwamini?

Risiti iko wapi? Kama hakuna, haijabadilishwa. Mimi niliamini mdomo wa mtu, mkanda huo ukakatika miezi miwili baadaye nikiwa njiani, vali zikagonga pistoni na nikanunua hedi nzima. Kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na vali ni ndogo mno, hakuna kuponea. Badilisha mkanda na tensha yake inayoukaza, na kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo badilisha kabisa, usifungue mara mbili.

Inachemsha kwenye mlima, nimeshauriwa nitoe themostati.

Usitoe! Huu ushauri umeua injini nyingi kuliko ubovu wenyewe. Themostati ndiyo inayofungua maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, na kwenye injini nyingi ikifunguka inaziba pia njia ya mkato, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta na unachemsha zaidi, na kwenye tambarare injini haipati joto lake, inakula mafuta na kulika. Osha rejeta, angalia klachi ya feni. Halafu iwashe ikiwa baridi mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, mapovu yakitoka mfululizo rudi swali la kwanza.

Niliikuta imeshawashwa nilipokwenda kuikagua, kuna ubaya?

Upo. Alikuficha asubuhi yake, yaani inavyowaka ikiwa baridi.

Ina miaka 25 na dashibodi inasoma kilomita 98,000. Ni za kweli?

Angalia mpira wa pedali ya breki umelika kiasi gani. Na ukiukuta mpya kabisa, jiulize kwa nini.