Maswali ya Karakana: Mashine ya Msasa ya Diski, Ipi Inafaa?

SWALI: Ndugu mhariri, nina karakana ndogo hapa Kihonda, Morogoro, ambamo tunafanya kazi watu watatu. Tunatengeneza viti vya meza ya chakula, stuli na fremu za vioo, kwa mtiki na mninga. Mpaka sasa vichwa vya mbao tunavisawazisha kwa randa na msasa wa mkono, na kona za fremu hutusumbua mno. Nimeonyeshwa mashine mbili. Moja ni mpya, ina mkanda na diski kwa pamoja, na diski yake ni ya inchi 6. Nyingine ni ya mtumba kutoka Marekani, nzito, ya chuma cha kusubu, yenye diski ya inchi 12, lakini ni ya volti 115, na muuzaji anasema nitaongeza transfoma tu. Bei zao zinakaribiana. Ninunue ipi?
Seremala, Morogoro

JIBU: Ndugu seremala, kabla ya kuzilinganisha mashine hizo, tukubaliane kwanza kazi ya diski ni ipi, kwa sababu wapo wanaoinunua wakitarajia iwalainishie uso wa meza, kisha wakaisukumia pembeni. Diski inapozunguka, kila punje ya msasa huchora tao. Ukiukandamiza uso wa ubao juu yake utabaki na mikwaruzo inayokatiza nyuzi za mti, nayo itajitokeza mara tu utakapopaka vanishi. Diski ni ya vichwa vya mbao, kona za fremu, ncha za miguu ya viti na upinde wa nje. Upinde wa ndani, kama ule wa egemeo la kiti, haiuwezi, na mabega ya ulimi wa kiungio, yaani sehemu ya ubao inayokaa kwenye shina la ulimi, usiyapeleke huko hata siku moja, maana kiungio kitalegea. Kwa kazi ulizozitaja unaihitaji kweli. Kinachobaki ni ukubwa, meza na umeme.

Tuanze na ukubwa. Mashine nyingi za inchi 6 huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika, na zile za inchi 12, zikitumia umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde (50 Hz), huzunguka takriban mara 1,425. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukingo wa diski zote mbili unakwenda kwa kasi ileile, karibu mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo anayekuambia kwamba ndogo ina kasi zaidi na italainisha vizuri zaidi hakuambii jambo la maana. Tofauti iko kwenye upana. Unaruhusiwa kutumia nusu moja tu ya diski, ile inayoshuka kuelekea mezani, ambayo kwa mashine nyingi ni ya kushoto ukiitazama kwa mbele. Nusu inayopanda hukunyanyulia kipande na kukirusha. Tena katikati kabisa ya diski hakuna mwendo wowote, kwa hiyo sentimita mbili tatu za hapo hazikati, zinapasha mti joto tu. Ukitoa hizo, diski ya inchi 6 inakuachia kama sentimita 5 za kufanyia kazi, na ya inchi 12 inakuachia zaidi ya 12. Mguu wa stuli utapita kwenye zote mbili. Fremu ya kioo yenye mbao za sentimita 7, ikishakatwa kwa digrii 45, ina kichwa cha karibu sentimita 10, na hicho hakitoshi kwenye diski ndogo. Itabidi ukisogeze huku na huku, na hapo ndipo kona inapopoteza unyoofu wake.

Halafu kuna meza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mashine yenyewe, kuliko hata mota. Kwenye mashine nyingi ndogo za mkanda na diski, meza ni bati lililokunjwa au alumini nyembamba iliyoshikwa kwa skrubu upande mmoja, na ukiegemeza kipande cha mninga unaiona ikishuka kidogo. Kushuka huko kidogo ndiko kunakoiacha kona ya fremu ikiwa na mwanya kwa juu wakati chini imefungana. Nenda dukani na guni yako, yaani kipimo cha pembe mraba, mfukoni. Isimamishe juu ya meza, iguse diski upande wa kushoto, tazama mwanga. Kisha ikandamize meza kwa kiganja na utazame tena. Baada ya hapo shika penseli iliyochongwa vizuri, itulize mezani ncha yake ikikaribia sana uso wa diski, na uzungushe diski kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa na plagi imechomolewa. Penseli ikigusa sehemu moja na kuacha nyingine, diski imepinda au beringi zimechoka. Pima pia mfereji wa kipimo cha pembe: umbali wake hadi kwenye diski uwe uleule mwanzo na mwisho, la sivyo kila unaposogeza kipande kitakuwa kinaingia au kutoka. Mwanya kati ya meza na diski nao uwe mdogo, milimita 2 hivi, ili kipande chembamba kisimezwe.

Sasa hiyo transfoma. Muuzaji amekuambia nusu ya habari. Transfoma hushusha volti, haibadilishi mizunguko ya umeme, na mota ya Marekani imetengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu ni 50. Mota ya namna hiyo, ambayo kwao huzunguka mara 1,725 kwa dakika, hapa itashuka hadi karibu 1,425, jambo ambalo kwa msasa halina ubaya wowote. Ubaya uko ndani ya mota: ikipewa volti zake zilezile 115 kwa mizunguko 50, chuma chake kinashiba sumaku, yaani hakiwezi kubeba zaidi, nayo inavuta umeme mwingi kuliko ilivyokadiriwa na inachemka hata kabla hujaipa kazi. Ingebidi uipe volti takriban 96, na transfoma ya namna hiyo haiuzwi rafuni, utaisuka kwa fundi, kisha utakuwa umebaki na mota yenye nguvu pungufu.

Njia ya kueleweka ni kuiondoa mota hiyo na kuweka ya hapa: volti 230, awamu moja, nguvu farasi 1, yaani wati 750 hivi, mzunguko wa 1,400 na kitu, na iwe ya kufungwa pande zote, yenye feni ya nje, kwa sababu mota iliyo wazi hujaa vumbi la mbao na kuungua. Fahamu tu kwamba shafti haitalingana. Mota nyingi za Marekani za ukubwa huo zina shafti ya inchi 5/8, karibu milimita 16, wakati mota zetu za nguvu farasi 1 kwa kawaida zina shafti ya milimita 19. Diski itapelekwa kwa mkereza chuma aongeze tundu, naye alifanye kwenye mashine ya kukereza. Akitoboa kwa drili ya mkono diski itayumba maisha yake yote.

Kwa hiyo mimi ningechukua ile ya inchi 12, lakini baada ya kupita mtihani wa guni na penseli, na baada ya muuzaji kukubali kupunguza bei kwa kiasi cha mota mpya na kazi ya mkereza. Akishikilia kwamba transfoma inatosha, mwache na mashine yake. Hiyo ya inchi 6 ningeinunua iwapo tu mkanda wake ndio unaouhitaji zaidi; usiinunue kwa ajili ya kona za fremu. Ukishafunga mota ya nguvu farasi 1, itavuta kati ya ampea 5 na 6 ikiwa kazini na mara kadhaa zaidi inapowaka, kwa hiyo usiiwashe kupitia waya mwembamba wa kuongezea ulioviringishwa sakafuni. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ulionyooshwa, unatosha.

Kuhusu msasa wenyewe, anza na namba 80. Namba 120, yenye punje ndogo zaidi, inaonekana nzuri zaidi lakini kwenye vichwa vya mninga huchoma haraka. Msasa wa kujibandika wenyewe ni bora kuliko wa velkro kwa kona, kwa kuwa velkro ina ulaini unaoviringisha ncha kidogo. Kubandua ule wa gundi, pasha diski joto kwanza kwa kikaushia nywele. Mtiki una mafuta na huziba msasa upesi, nawe usiutupe msasa huo: sukuma kipande cha soli ya mpira cha kiatu cha zamani kwenye diski inayozunguka, utaona vumbi lililoganda likitoka na msasa ukirudi kukata.

Vumbi ni jambo ambalo hukuuliza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na saratani iliyotajwa zaidi ni ya pua. Diski hutoa vumbi laini sana. Tafuta mashine ambayo nusu ya chini ya diski imefunikwa na ina mdomo wa kuunganishia kifyonza vumbi, na kwa uso tumia barakoa ya daraja la N95 au FFP2, si kitambaa. Mkipokea kazi ya mvule mjue vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu. Na usinoe patasi kwenye mashine hiyohiyo. Cheche moja ikiingia kwenye mfuko wa vumbi itafukuta humo hadi mtakapokuwa mmekwenda nyumbani.

SWALI: Nina mota nzuri ya pampu ya maji ambayo siitumii. Je, naweza kuifungia diski ya plaiwudi ya inchi 12 nikapata mashine yangu bila kununua?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, soma kwanza kibati kilichobandikwa kwenye mota. Mota nyingi za pampu za nyumbani huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na kwa kasi hiyo ukingo wa diski ya inchi 12 utakwenda karibu mita 45 kwa sekunde. Utachoma kila mti utakaougusa, na plaiwudi yenye kasoro ya gundi inaweza kupasuka na kuruka. Kwa mota hiyo usizidishe inchi 6. Ukitaka inchi 12 tafuta mota ya mzunguko wa 1,400. Katika hali zote mbili, plaiwudi ifungwe kwa skrubu kwenye bamba la chuma lililokerezwa likashikana na shafti, isiegemee shafti peke yake. Nusu ya chini iwekewe kifuniko. Na swichi iwe pale ambapo mkono wako unaifikia bila kuvuka mbele ya diski. Kumbuka kwamba diski haina breki: ukishazima umeme itaendelea kuzunguka kwa muda, kwa hiyo usiipeleke mikono hapo mpaka isimame yenyewe.