Ndege moja, mezani na kwenye kompyuta: ushauri kwa mpenzi wa ndege za kivita hapa Dodoma

Kijana akiniuliza aanzie wapi kwenye simuleta za ndege za kivita, yaani programu za kompyuta za kuigiza urushaji, au kwenye modeli za plastiki, jibu langu ni lile lile: chagua ndege moja, uijenge mezani huku unajifunza kuirusha kwenye kompyuta. Wengi ninaowaona wakikata tamaa ni wale wanaotaka zote kwa mpigo. Leo anarusha F-16, kesho Spitfire, keshokutwa helikopta, na maboksi ya modeli yanarundikana juu ya kabati bila hata moja kumalizika. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi.

Mimi nilichagua MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, na Mtanzania yeyote ningemshauri aifikirie kabla ya nyingine. Sisemi kwamba ni rahisi, maana si rahisi hata kidogo. Ila ina historia na sisi. Ilianza majaribio katikati ya miaka ya 1950 huko Umoja wa Kisovieti, zikatengenezwa zaidi ya 10,000, na wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilikuwepo pande zote mbili: jeshi letu lilikuwa nazo na la Idi Amin lilikuwa nazo. Vita vile wengi tunavikumbuka kwa askari wa miguu na mizinga, tunasahau kwamba vilipiganwa na angani pia. Mwezi Machi 1979 ndege ya mabomu aina ya Tu-22 ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga matangi ya mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Ukijenga ndege ya vita ile unagusa jambo ambalo babu au baba yako ana la kusema juu yake.

Sasa kwa nini mezani na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja? Chukua mfano wa mstari mweupe. Ndani ya chumba cha rubani cha MiG-21, kwenye dashibodi, kuna mstari mweupe wa wima. Mjenzi wa modeli anauona kama kazi ya brashi nyembamba tu, anaupaka na kuendelea. Lakini rusha MiG-21bis, toleo la baadaye la ndege hiyo, kwenye simuleta ya DCS World, vuta fimbo ya kuongozea kwa pupa mpaka mbawa zishindwe kuibeba ndege, ianze kuporomoka huku inazunguka kama pia. Hapo kichwa kinavurugika na hujui mkono wako uko wapi. Mstari ule umewekwa kwa ajili ya dakika hiyo: unapeleka fimbo usawa wake, unajua iko katikati. Tangu nilipoelewa hivyo, ninaupaka ule mstari kwa heshima nyingine kabisa.

Koni ya puani nayo ni hivyo hivyo. Kwenye boksi ni kipande kimoja cha plastiki unachokipachika mbele. Kwenye ndege halisi imebeba rada, na inasogea mbele na nyuma kadiri mwendo unavyobadilika ili hewa iingie kwenye injini kwa utaratibu ndege inapozidi mwendo wa sauti. Au angalia flapu, vile vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Wengi wanazibandika zikiwa zimeshuka kwa sababu zinapendeza. MiG-21 za matoleo ya baadaye zina mfumo unaoitwa SPS, unaochota hewa kwenye injini na kuipuliza juu ya flapu hizo ili mbawa zibebe zaidi wakati wa kutua. Maana yake ukiikaribia njia ya kutua, ukiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, usirudishe mkono wa mafuta nyuma yote kwa mara moja. Injini ikipunguza nguvu, mpulizo unapungua, na ndege inadondoka kabla ya kufika lami. Shuka nayo ikiwa bado inanguruma, na uwe mpole na mkono wa mafuta mpaka magurudumu yaguse.

Tuje kwenye kompyuta. Usidanganywe kwamba bila mashine ya mamilioni huwezi. Simuleta ya IL-2 Sturmovik: 1946, iliyotoka mwaka 2006, inakwenda vizuri hata kwenye laptopu ya mtumba, na mafunzo yake ya kupigana angani bado ni ya kweli: tunza mwendo na urefu, usikate kona mpaka mwendo ukuishie, na adui usimwondolee macho. Ukiwa na mashine yenye nguvu kidogo na diski ya SSD, ingia DCS World. Yenyewe ni bure, na inakuja na Su-25T ya kushambulia ardhini pamoja na TF-51D, Mustang ya mafunzo isiyo na silaha. MiG-21bis inauzwa, lakini ndege nyingi za DCS unaruhusiwa kuzijaribu bure kwa siku 14 kabla ya kutoa hela yako, na nakushauri usiianze hiyo hesabu ya siku mpaka uwe umejua kuruka na kutua na Mustang. Propela ya Mustang inaivuta ndege kushoto unapoongeza mafuta. Usipotia pedali ya kulia mapema, na taratibu, utaishia majanini. Somo hilo la miguu halifundishiki kwenye ndege za kisasa zinazojirekebisha zenyewe.

Upakuaji ni makumi ya GB, na kwa bando la simu ni kujiumiza. Kama una rafiki mwenye DCS, nakili folda yake kwenye diski ya nje, kisha iachie programu yenyewe ikague na kurekebisha kilichopungua. Ni programu ya bure, hakuna wizi hapo. Silaha achana nazo kwanza. Najua hamu ilivyo, ila rubani asiyejua kutua ana kombora la nini?

Kwa jostiki, yaani fimbo ya kuongozea unayochomeka kwenye kompyuta, mtu wa Dodoma anunue kwa kufikiria vumbi. Zile zinazosoma mwendo wa fimbo kwa sumaku, kama T.16000M ya Thrustmaster, zinavumilia kuliko zile zenye vipande vinavyosuguana ndani, ambazo vumbi likishaingia ndege inaanza kutikisika yenyewe wakati mkono wako umetulia. Ukimaliza kurusha, ifunike na kitambaa. Na kabla hujafikiria vifaa vya bei kubwa vya kufuatilia kichwa, pakua opentrack, ni bure, inatumia kamera ya kawaida ya kompyuta kuona unageukia wapi. Kumtafuta adui kwa kugeuza shingo na kumtafuta kwa vitufe ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kuna zoezi moja ninalolipenda sana na ni la hapa hapa nyumbani. Uwanja wetu wa ndege wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa yake inakuwa nyepesi kama ile ambayo kwa vipimo vya kawaida ungeikuta mita 1,900 hivi. Kipima mwendo kitakusomea namba ile ile uliyoizoea ya kunyanyua pua, lakini mwendo wako halisi juu ya lami utakuwa umezidi kwa karibu asilimia 10, na lami inaliwa kweli kweli. Fungua FlightGear, simuleta ambayo ni ya bure na ina ramani ya dunia nzima, weka joto la mchana wa Oktoba, uruke kutoka Dodoma. Kisha rudia na baridi ya alfajiri ya Julai. Utaelewa hewa kuliko kusoma kurasa mia.

Kwenye modeli sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi na unyevu.

Kwanza kipimo. 1/72 maana yake kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mbawa za MiG-21 zina upana wa mita 7.15, hivyo kwa 1/72 unapata karibu sentimita 10, inatosha kwenye rafu ya chumba kimoja cha kupanga. Kwa 1/48 unapata karibu sentimita 15, na chumba cha rubani kinaanza kuonekana vizuri. Kampuni ya Zvezda ya Urusi wana MiG-21bis ya 1/72, Eduard wa Ucheki wana MiG-21 kwa vipimo vyote viwili. Ya kwanza chukua 1/72. Kuagiza, unganisha mzigo wako na wa mtu mwingine, au mpe anayesafiri; boksi dogo halimsumbui mtu.

Vifaa vingi viko mjini. Msasa wa maji, namba 400 hadi 2000, upo kwenye maduka ya rangi za magari. Usugue ukiwa na maji, ili unga wa plastiki usiuvute kifuani. Tupa laini za kucha zinapatikana duka la vipodozi na zinafika pembeni pasipofika msasa. Kioo cha rubani usikibandike na supa gluu: mvuke wake unakifanya kiwe na ukungu mweupe usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, ikikauka inakuwa angavu. Rangi za kopo za magari zinafaa, ila nyingine zina thina kali inayoyeyusha plastiki, kwa hiyo puliza kwanza kwenye fremu tupu iliyobeba vipande, subiri ikauke, ndipo uamue.

Adui mkubwa wa rangi Dodoma ni ukavu na upepo. Kiangazi chetu hakina utani. Rangi ya maji inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye bawa, na ile inayofika inaokota vumbi. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa chini, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi yako iweke juu ya karatasi. Inakaa mbichi jioni nzima, na ukifunika unaikuta kesho yake. Paka alfajiri kabla upepo haujaamka. Mafundi wa kupuliza magari wanamwagia maji sakafu kabla ya kuanza, na sisi tuwaige: sakafu ikilowa, vumbi halinyanyuki. Ukimaliza, funika modeli na beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja, uiache mpaka siku ya pili bila kuchungulia.

Jambo lingine ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya kwenye boksi ni maji yenyewe. Stika za modeli zinalowekwa majini ndipo ziteleze kutoka kwenye karatasi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na yakikauka yanaacha mabaka meupe, mabaya zaidi juu ya rangi nyeusi au kijani kibichi. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga, au ya chupa. Kikombe kimoja kinatosha ndege nzima.

Na usidharau tumbo la ndege. Wajenzi wengi wanalipaka haraka haraka kwa sababu halionekani likiwa kwenye rafu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa askari wa miguu Kagera, alipita nyumbani siku moja, baada ya shikamoo na habari akaiona MiG yangu. Hakuiangalia mbawa wala pua. Aliichukua kwa vidole viwili, akainyanyua juu ya kichwa, akaitazama kwa chini.

“Sisi tulikuwa tunaiona hivi, mwanangu,” akasema. Kisha akaligusa tangi la mafuta la chini ya tumbo. “Na hiki kipipa.”

Alikuwa sahihi kabisa. MiG-21 ina mafuta machache ndani kwa injini iliyo nayo, ndiyo maana mara nyingi unaiona imebeba tangi la ziada chini. Tangu siku ile tumbo ninalipa muda sawa na mgongo: milango ya magurudumu, breki za hewa, mikwaruzo ya pale mafundi wanapofungulia vifuniko. Na nikikutana na mzee aliyepitia vita ile, modeli inafungua mazungumzo ambayo maswali ya moja kwa moja hayayafungui. Mpe aishike.

Kuhusu picha za kuigia rangi, tafuta vitabuni na mtandaoni. Usiende na simu yako kwenye uzio wa kambi au kiwanja cha jeshi ukidhani mapenzi yako ya ndege yatakutetea. Kupiga picha maeneo ya jeshi ni kosa kisheria, na askari wa lindo hana namna ya kujua kwamba unataka kuona tu rangi ya kijani ilivyo.

Mwisho ni wazazi, maana wengi mnaniuliza kama watoto wanaweza. Wanaweza, na mikono yao midogo inapachika vipande vizuri kuliko yetu. Mpe mtoto Spitfire ya Airfix ya 1/72, ina vipande vichache na inakwisha mwisho wa juma mmoja. Mwache achague rangi anayoitaka, hata kama ni ya zambarau. Kwenye simuleta kaa naye pembeni, yeye ashike fimbo wewe ushike mkono wa mafuta, mpokezane. Wembe na supa gluu viwe mikononi mwako mpaka afike darasa la sita au la saba, na dirisha liwe wazi kila mnapopaka rangi, hata upepo uwe mkali kiasi gani.