Maswali ya Wafugaji: Kuku Wanakufa Ghafla, Je, Ni Mafua ya Ndege?

SWALI: Daktari, shikamoo. Tunaishi kando ya Ziwa Victoria, wilayani Muleba. Mwezi huu kuku wengi kijijini kwetu wamekufa ghafla, wengine wakiharisha kijani na kupinda shingo. Baadhi ya majirani wanasema ni mafua ya ndege yaliyoletwa na yangeyange, na wengine wanasema ni kideri tu, hivyo kuku anayeanza kusinzia achinjwe mapema, nyama isipotee. Tumwamini nani?
Mfugaji, Muleba

JIBU: Marahaba. Kwa dalili ulizotaja, ningeshuku kwanza kideri, ambacho wengine hukiita mdondo na ambacho kimezoea kumaliza kuku wetu wa kienyeji. Hata hivyo, hakuna awezaye kukuthibitishia hilo kwa macho, kwa sababu mafua makali ya ndege nayo huua ghafla, huvimbisha kichwa, hugeuza upanga kuwa wa zambarau na pengine hupindisha shingo vilevile. Jibu la uhakika hutoka maabara.

Hofu ya majirani zako ina msingi. Januari 2017 ndege pori walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na ugonjwa ukathibitishwa pia kwa kuku na bata wa Masaka, upande wa Uganda wa ziwa hilohilo. Kirusi kilikuwa cha aina ya H5N8, na Kenya ilizuia kuku kutoka Uganda. Lakini yangeyange wanabebeshwa lawama kupita kiasi. Ndege wa majini wahamao wanaweza kukileta kirusi, ila kukitoa banda moja hadi jingine ni kazi yetu wenyewe: tenga lililorudi mnadani bila kuoshwa, viatu vyenye kinyesi, trei za mayai, na zaidi ya yote yule kuku aliyeanza kusinzia, anayeuzwa upesi kwa bei ya kutupa kabla mnunuzi hajamtazama vizuri.

Kwa hiyo usimchinje wala usimuuze. Najua ni uchungu, maana kuku hao ndio daftari na sare za watoto, lakini binadamu huambukizwa hasa anapomshika ndege mgonjwa, anapomchinja, kumnyonyoa na kumtoa matumbo. Hong Kong, mwaka 1997, aina ya H5N1 iliwapata watu 18 na kuwaua 6. Mwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo ili sampuli zichukuliwe, kisha mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu na kumwagiwa chokaa, si kutupwa ziwani wala kupewa mbwa. Anayefanya kazi hiyo azibe pua na mdomo, avae glavu na anawe kwa sabuni, na akipata homa au kikohozi siku zinazofuata, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alishika kuku wagonjwa. Waliobaki wazima wafungiwe ndani, mbali na bata, kwani bata anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili yoyote.

Msimalize fedha kwa viuavijasumu vya dukani, kwa sababu haviui kirusi. Ikithibitika kuwa ni kideri, kuku wazima wapewe chanjo ya matone ya jicho aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine, na irudiwe kila baada ya miezi 3. Aliyekwisha kuugua haitamsaidia.

SWALI: Mke wangu amekataa kabisa nyama ya kuku na mayai tangu asikie habari hizi. Je, yuko sahihi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Si lazima afike huko. Kirusi hufa nyama inapofikia nyuzi joto 70 hadi ndani, yaani isibaki na wekundu karibu na mfupa. Friji haikiui. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni, na mayai yaliyotoka kwenye banda lenye kuku wagonjwa yasiliwe. Yai lililoiva mpaka kiini kikaganda, mwambie ale. Lile la kukaanga ambalo kiini chake bado kinachezacheza, aliache.