Uliza Mwalimu: Mota haina kosa, hamisha betri

Nimezipitia barua za mwezi huu, na karibu kila mwandishi anataka baraka zangu ili akanunue mota kubwa zaidi. Baraka hizo sina. Naanza na kijana wa Mbeya, kwa kuwa amepima kabla ya kuuliza, na mtu aliyepima anasaidika.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeunda ndege ya rimoti kwa fomubodi, yaani ubao mwepesi wa povu. Bawa liko juu, lina urefu wa mita 1 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Mota ni 2212 ya KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), propela ni ya inchi 10 kwa 4.5, betri ni lipo (ya lithiamu) ya seli 3, yenye ujazo wa mAh 2200. Ikiwa na kila kitu ina gramu 900. Nikiirusha inanyanyua pua, inapanda kidogo, inasita hewani, halafu inaangukia bawa la kushoto. Betri niliiweka nyuma ya bawa maana ndipo palipokuwa na nafasi. Nikiiinua kwa ncha za vidole inatulia kwenye sentimita 9 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Rafiki yangu anasema mota haina nguvu. Ninunue ipi? *Msomaji, Mbeya*

Jibu: Marahaba, kijana. Usinunue chochote. Mota hiyo, kwa propela na betri ulizozitaja, huvuta takriban gramu 800. Ndege ya kujifunzia inaridhika na nusu ya uzito wake, kwa hiyo nguvu unayo na ya akiba unayo. Ugonjwa umeutaja mwenyewe pale ulipoeleza habari ya vidole.

Bawa la mstatili kama lako linataka kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapotulia ukiiinua kwa vidole, kikae kati ya robo na theluthi ya upana wake, ukipima kutoka mbele. Robo ya 20 ni 5, theluthi ni 6 na ushee. Chukua 5.5. Wewe uko kwenye 9! Ndege yenye mkia mzito ni kama baiskeli iliyopakiwa gunia la mkaa kwenye keria: gurudumu la mbele linaelea, na usukani unauzungusha bure. Pua inanyanyuka, mwendo unakufa, bawa linashindwa kubeba, na upande mmoja unatangulia chini. Kwamba ni upande wa kushoto hainishangazi. Mota inayozungusha propela kulia huisukuma ndege yenyewe izunguke kushoto, na mota kubwa zaidi ingezidisha balaa hilohilo. Mwambie rafiki yako.

Sasa hesabu, nayo ni ile ya nyenzo mliyofundishwa sekondari. Kitovu kinatakiwa kisogee mbele sentimita 3.5. Zidisha kwa uzito wa ndege nzima: 900 mara 3.5 ni 3,150. Gawanya kwa uzito wa betri, ambayo kwa aina yako huwa gramu 180 hivi, ingawa ni vizuri uipime. Unapata 17.5. Betri isogee mbele sentimita 17 na nusu, yaani itoke nyuma ya bawa ikakae puani, karibu kabisa na mota. Utasema hakuna nafasi. Kata dirisha kwenye sakafu ya ndege, bandika velkro, nafasi imepatikana. Alama ya 5.5 ichore kwa kalamu chini ya bawa, pande zote mbili, na kila siku kabla ya kurusha iinue ndege kwenye alama hizo ikiwa na betri ndani. Kama mkia unashuka, hurushi.

Wapo watakaokushauri ubandike madini mazito ya risasi puani badala ya kuhamisha betri. Usiwasikilize, kwa sababu ndege yako tayari ni nene. Bawa lako lina desimita 20 za mraba, na kila moja inabeba gramu 45. Kwa mtu anayejifunza ningependa 35, ambayo ni ndege ya gramu 700. Isitoshe uko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15. Ndege ileile inayoelea polepole ufukweni, kwako lazima ikimbie zaidi ndipo ibebeke. Zitafute gramu 200 za kupunguza. Mimi ningeanza na gundi ya moto. Nimeona ndege za vijana ambazo gundi imejaa kila kona, wakati uzi mwembamba ulionyooka ungeshika vilevile. Ng'oa magurudumu, utatua kwenye majani. Fimbo za kuvutia vibao vya mkiani, kama ni spoku za baiskeli, weka vijiti vya mishikaki na kipande kifupi cha waya kila mwisho. Bawa lifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, si kwa gundi, ili likigonga kitu lifyatuke badala ya kuvunjika.

Ukimaliza, tafuta majani marefu siku ya upepo kidogo, uuelekee upepo, na usiwashe mota. Isukume ndege ikiwa mlalo, pua ikitazama chini kidogo tu. Ikiteleza moja kwa moja na kushuka taratibu, hapo washa.

Swali: Mwalimu, mwanangu wa kidato cha tatu anarusha ndege hizi na sina tatizo na hilo. Tatizo ni betri. Moja imevimba kama mto, naye anasema bado inafanya kazi na anaichaji usiku chumbani akiwa amelala. Nimzuie? *Mama wa kijana, Tanga*

Jibu: Mzuie leo, Mama. Lipo iliyovimba imejaa gesi ndani, na ikichajiwa inaweza kuwaka moto mkali kwa ghafla. Isitobolewe, isibanwe irudi bapa, na isitupwe jalalani wala kwenye moto wa takataka. Aitoe nje kwenye mchanga, aiunganishe na balbu ya gari ya volti 12, na aiache hapo hadi balbu izime kabisa na betri iishe. Kisha afunike ncha za nyaya kwa utepe, na ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Zile nzima zina masharti yake. Zichajiwe mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na pazia na godoro. Chaja iwe ile inayosawazisha seli moja moja, na kwa betri ya mAh 2200 isizidi ampea 2.2. Seli iliyojaa ina volti 4.2. Akimaliza kuruka isiwe chini ya 3.5, na kama wiki itapita bila kuruka aiweke kwenye 3.8. Betri ikikaa wiki nzima imejaa, na hilo joto la Tanga, huvimba. Nadhani hivyo ndivyo hii ilivyokufa.

Swali: Ndege yangu haina kamera. Bado nahitaji kibali? Nataka kurushia Kisongo. *Msomaji, Arusha*

Jibu: Kisongo ndiko uliko uwanja wa ndege wa Arusha, ndugu yangu! Tafuta kwingine, mbali. Na usijidanganye kwamba bila kamera hakuna anayekuuliza. Chombo kinachorushwa bila rubani ndani kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa hiyo waandikie kwanza ukitaja uzito, mahali na madhumuni, nao watakuambia unachotakiwa kufanya. Ndani ya hifadhi za taifa usifikirie kabisa.

Swali: Ndege ikienda mbele naimudu. Ikigeuka kunijia, kulia kunakuwa kushoto na naipiga chini. Kuna dawa? *Msomaji, Kahama*

Jibu: Ipo. Ndege ikikujia, tazama bawa lililoshuka, na usukume kijiti upande uleule lilikoshukia, kana kwamba unaliwekea gogo lisishuke zaidi. Litainuka. Kulia na kushoto visahau kabisa kwa wakati huo. Watu wengine hugeuza mabega yaelekee kule ndege inakokwenda, kisha hutazama nyuma juu ya bega. Inasaidia, ila ukizoea hivyo utachelewa kujifunza. Kama una kompyuta, unganisha rimoti yako kwa waya na programu ya kuigiza urukaji, uipeleke ndege mbele na kuirudisha kwako jioni nzima. Huko ikianguka unabonyeza kitufe inarudi nzima, na fomubodi yako iko salama ukutani.