DX inayotembea upande kama kaa: nilipopotezea pesa mimi, na wewe uanzie wapi

Kabla sijaanza kujifanya mjuzi acha niungame, kosa la kwanza nililifanya mwenyewe, kwa grainda, mchana kweupe, na nikamlipa mtu anishikie tochi.

Gari ni Toyota Corolla DX, ile KE70 ya boksi, injini 4K. Niliachiwa na ami wangu aliposema macho yamemchoka hawezi tena kuendesha usiku. Ami alikuwa akiiosha kila Ijumaa asubuhi mpaka unajiona kwenye bonet, lakini chini hakuchungulia hata siku moja, na mimi vilevile sikuchungulia, nilichoona ni kwamba imesimama juu kama mbuzi na ikifika kona inalalia ubavu. Nikajiambia dawa ni kuishusha. Tukakata springi mzunguko mmoja na nusu kila gurudumu, ikakaa chini, wallahi ilipendeza, nikaenda kuipiga picha Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, jua likizama, nikaposti, watu wakasifu.

Wiki hiyo hiyo nikapanda nayo Mariakani. Kurudi sasa, ule mteremko wa kutoka Mazeras kuja Miritini, mkia ukaanza kuhama wenyewe. Sijakata usukani, sijagusa breki, gari inapiga kishimo kidogo tu na nyuma inasogea kulia kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, halafu inarudi. Mbele trela, nyuma trela. Nilifika Changamwe shati limenishika mgongoni.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja ana gereji yake Majengo, uwanja tu na mkungu mkubwa wa kivuli. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, hii nani kaikata?" Nikanyamaza. Akaweka jeki, akaweka na vigogo viwili (usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja), akanitandikia gunia akaniambia ingia uone mwenyewe. Kule nyuma kuna chuma kimoja kirefu kimelala toka upande wa bodi kwenda upande wa pili wa ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma), wenye vitabu wanakiita Panhard, mzee anakiita "ile ya kulala". Kazi yake moja tu, kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Akachomeka mtaimbo pale mwisho wake akausukuma kwa vidole viwili, vidole viwili tu, na chuma kikatembea. Ule mpira wa bushi, unaokaa kwenye tundu la mwisho wa chuma, ulikuwa umekuwa unga, ulinimwagikia usoni mweusi kama masizi. Bolti inacheza ndani ya tundu tupu. Yaani nyuma ya gari yangu ilikuwa haijafungwa na kitu, na mimi nimeenda kukata springi.

Kwa hivyo ushauri wangu wote kwenye hii makala ni huu, usinunue kitu chochote cha kuifanya gari iwe bora kabla hujairudisha ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Hizi gari zetu zina miaka zaidi ya 40, ile unayoiona ni gari mbovu si gari mbaya. Watu watakwambia aah ekseli nzima nyuma ni teknolojia ya punda, mwambie Shekhar Mehta, dereva wa Kenya, alishinda mbio za Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Datsun Violet iliyokuwa na ekseli nzima nyuma pia.

Anza na bushi. DX saluni (ile ya buti) nyuma ina mikono minne ya chuma ya kushika ekseli na hiyo moja ya kulala, kila mmoja una bushi mbili, jumla 10. Badilisha zote mara moja, usibadilishe mbili ukasema nyingine mwezi ujao, utalipa kazi mara mbili. Mimi zote kumi na ufundi hazikufika nusu ya bei ya rimu nilizokuwa nazitamani. Chukua za mpira wa kawaida, zile ngumu za rangi rangi ni nzuri kwa macho lakini mikono ile ya nyuma inatakiwa ijipinde kidogo gurudumu moja likipanda tuta na lingine liko chini, ukiweka ngumu kila mahali ekseli inagoma na gari inarukaruka.

Na hapa simama na fundi wako, usiende kunywa chai. Fundi wengi wanakaza zile nati za bushi gari ikiwa bado iko juu magurudumu yananing'inia. Ukiishusha, mpira ushajisokota kabla hata hujaendesha, na utachanika baada ya miezi michache halafu utaambiwa spea ilikuwa feki. Zishikishe tu kwa mkono, shusha gari ikae kwa uzito wake, itikise, ndipo zikazwe kabisa. Mzee aliniambia hii kwa sauti ndogo kama anayenipa siri ya ndoa.

Mbele ni hadithi ileile, bushi za kontrol am (mikono ya chini ya gurudumu), boljointi (kiungo kinachozunguka pale mwisho wa mkono), tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu ukikata usukani). Halafu kuna steling boksi, ile boksi ya gia za usukani. Kama usukani una mchezo kuna skrubu juu yake ya kupunguzia, na kila mtu anajua hiyo skrubu, tatizo ni kwamba boksi inalika pale katikati ambapo usukani unakaa muda mwingi, kwa hivyo ukiikaza mpaka mchezo uishe kabisa katikati, ukikata kona inakuwa ngumu na usukani haurudi wenyewe. Robo ya mzunguko, jaribu, basi. Na uhakikishe kwanza mchezo hautoki kwenye tairodi, maana mara nyingi boksi inasingiziwa bure.

Tairi. Zangu zilikuwa na kashata (yale meno ya tairi) nzuri tu, nikaona niko sawa, mpaka nilipoangalia namba nne zilizopigwa ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2309 ni wiki ya 23 mwaka 2009. Mpira wa hivyo na jua la hapa kwetu umeshakuwa ubao, na mvua ya kwanza ya Mei utajua hujui. Zilizokuja na gari ni 155 za inchi 13, mimi nimeweka 175/70R13 ambazo urefu wake ni karibu sawasawa kwa hivyo spidi mita haidanganyi, na hazigusi popote. Upepo weka mwenyewe asubuhi tairi zikiwa baridi, vijana wa kituo cha petroli wanajaza psi 40 kila gari kama wanapuliza mpira wa kikapu. Mimi naweka 28 mbele 26 nyuma, badilisha kwa mbili mbili mpaka uridhike.

Alaimenti (kunyoosha magurudumu) ya mashine ni nzuri ila gari hizi cha kurekebisha mbele ni tairodi tu, unaweza kuikagua nyumbani. Sehemu tambarare, chora alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele kwa upande wa mbele, pima kati ya alama na alama, sukuma gari mpaka alama ziende nyuma kwa urefu uleule kutoka chini, pima tena. Kipimo cha mbele kiwe kidogo kwa milimita 1 au 2. Mtu wa pili wa kushika tepu ni lazima, mimi namtumia mpwa wangu, na malipo yake ni mabuyu.

Shoki (zile za kutuliza gari isirukeruke) nilinunua baada ya yote hayo, mbele unabadilisha kile cha ndani tu, huna haja ya kununua mguu mzima unaoibeba. Springi nikatafuta za kawaida zisizokatwa nikazirudisha. Ile ya kukata, mbali na kubamiza kila tuta la Nyali, ilikuwa fupi kiasi kwamba ukiinua gari kwa jeki springi ya nyuma inalegea inataka kutoka mahali pake. Fikiria hiyo ikitokea njiani.

Jingine halina gharama, toa mzigo. Buti ya ami ilikuwa na betri mbovu mbili, jiwe la kuzuilia tairi na jerikeni ya maji ya kisima.

Juzi nimeteremka tena Mazeras, na ami kakaa kando. Kile kishimo nikakikumbuka, nikakipita, nyuma ikatulia tuli. Ami hakusema kitu mpaka tulipofika Jomvu, ndipo akaniuliza, "Na ile jerikeni yangu umeipeleka wapi?"