Kabla Hujaushika Wembe: Kuzisoma Bustani za Burudani katika Majarida ya Zamani

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, katika shule ya bweni ya misheni mkoani Tanga, nilikata ukurasa wa jarida la National Geographic kwa wembe. Lilikuwa toleo la Agosti 1963, na ndani yake mlikuwa na makala ndefu kuhusu Walt Disney na bustani yake ya burudani ya Disneyland, iliyoko Anaheim, California. Niliubandika ukurasa huo kwa uji mzito wa ngano ndani ya kifuniko cha tranka langu, na kila nilipolifungua kuchukua sabuni au kijiko, zile rangi zilinipokea kabla ya kitu kingine chochote. Sista aliyesimamia maktaba aliligundua pengo baada ya wiki mbili, nami nikapewa kazi ya kufagia maktaba muhula mzima. Sikuona uonevu wowote katika adhabu ile. Hasara yenyewe niliielewa nikiwa mtu mzima: upande wenye maandishi ndio niliokuwa nimeupaka uji, kwa hiyo kwa miaka minne nililala kando ya picha ambayo sikuwahi kusoma neno lililoandikwa mgongoni mwake.

Sasa naishi Cleveland, katika jimbo la Ohio, na majarida ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960 yamejaza rafu mbili na nafasi yote iliyo chini ya kitanda. Wageni wangu, hasa wale wa kutoka nyumbani, hushangaa kwamba mzaliwa wa Muheza anaona hamu ya bustani ambazo hakupata kuzikanyaga, na ambazo nyingine zilivunjwa kabla hajazaliwa. Hata hivyo baadhi yao wameanza kuninunulia, na wengine kujinunulia wenyewe, kwa hiyo naona ni vyema niandike yale ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa.

La kwanza ni kwamba usiende moja kwa moja kwenye makala. Fungua jarida kuanzia jalada la mbele, soma matangazo yote ya biashara, kisha ndipo ufike kwenye makala. Disneyland ilijengwa kwa takriban mwaka mmoja, kwa gharama iliyofikia kama dola milioni 17, na Walt Disney hakuwa na fedha hizo mfukoni. Alizipata kwa kuingia mkataba na kituo cha televisheni cha ABC, na kwa kuyapangisha makampuni nafasi ndani ya bustani ili yaweke majina yao juu ya milango na michezo. Kodak ilikuwa na duka lake la kamera, shirika la ndege la TWA lilidhamini roketi ya kwenda mwezini, reli ya Santa Fe ilitoa jina lake kwa gari-moshi lililozunguka bustani nzima, na kampuni ya mafuta ya Richfield ilidhamini barabara ambayo watoto waliendesha vigari vidogo. Makampuni ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa yakinunua kurasa katika majarida. Ukiyafahamu hayo, tangazo la filamu za picha lenye familia inayotabasamu mbele ya ngome linakuwa hati ya kihistoria yenye thamani kuliko aya tatu za sifa zilizoandikwa na mwandishi aliyetembezwa na wenyeji wake. Mimi binafsi nina udhaifu kwa tangazo lolote linalohusu nyumba ya plastiki ya kampuni ya kemikali ya Monsanto, iliyosimama Disneyland kuanzia mwaka 1957 hadi 1967 kama mfano wa nyumba ya siku za usoni. Ilipofika siku ya kuibomoa, lile tufe zito la chuma liligonga kuta na kurudi lilikotoka, na kazi iliyokusudiwa kumalizika kwa siku moja ikachukua kama wiki mbili.

La pili ni gumu kidogo kulieleza, lakini ndilo lililobadilisha usomaji wangu. Hamu tunayoihisi tukifungua jarida la mwaka 1955 ilikwisha kuwekwa humo na watu wa mwaka huohuo. Lango la Disneyland humwingiza mgeni katika barabara ya mji mdogo wa Kimarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, uliotokana na kumbukumbu za Walt Disney za Marceline, Missouri, alikoishi kwa miaka michache utotoni. Orofa za juu za majengo yake zimejengwa kwa kipimo kidogo kuliko orofa za chini, hivyo jengo huonekana refu na bado huwa la kirafiki, kama vile mtu mzima anavyoikumbuka nyumba aliyokulia. Wazazi waliopelekwa pale na matangazo ya mwaka 1955 walikuwa wanaonyeshwa utoto wa wazazi wao, ukiwa umepakwa rangi mpya na kufagiliwa kinyesi cha farasi. Sisi tunaotazama picha zao leo tunawaonea wivu watu ambao nao walikuwa katikati ya kuwaonea wivu watu wengine. Wapenzi wa zilipendwa watanielewa: wimbo unaoulilia leo kwa sababu unakukumbusha ujana wako, mwimbaji aliutunga akilia kuhusu kijiji alichokiacha.

Kwa hiyo ninapoyasoma majarida haya huwa najiuliza mwandishi alikuwa anauza wakati gani, na alikuwa anamuuzia nani. Swali hilo halijawahi kunipunguzia raha hata kidogo.

Tarehe nayo ichunguzwe kwa makini. Jarida la mwezi huandaliwa majuma mengi kabla ya kufika kwa msomaji, na mara nyingi bustani ilisifiwa wakati saruji haijakauka. Disneyland yenyewe ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, siku ya Jumapili yenye joto kali, mbele ya kamera za televisheni. Watu wengi waliingia kwa tiketi bandia, mafundi wa mabomba walikuwa wametoka kwenye mgomo hivyo maji ya kunywa yalikuwa ya shida, na lami iliyomwagwa karibuni ililainika hata visigino vya akina mama vikazama ndani yake. Usitegemee kuukuta mvuke wa lami ile katika picha za rangi. Pata jarida la picha la kila wiki na gazeti la kila siku la eneo husika, uviweke sambamba na jarida la mwezi, na tofauti kati yao ndiyo itakayokufundisha.

Nawashauri wanaoanza watafute zile bustani zilizokufa, kwa sababu jarida ndilo karibu mabaki yao yote. Niliyoipenda kuliko zote ni Freedomland, iliyofunguliwa Bronx, New York, tarehe 19 Juni 1960. Ilichorwa kwa umbo la ramani ya Marekani, na humo ndani ule moto mkubwa ulioteketeza Chicago mwaka 1871 uliigizwa, ukiwashwa na kuzimwa tena na tena kila siku, watoto wakialikwa kusaidia kupampu maji. Ilidumu misimu mitano tu na kufungwa mwaka 1964. Miaka michache iliyopita nilimtembelea shangazi yangu anayeishi Co-op City, ule mji wa maghorofa 35 marefu ya makazi uliojengwa mahali palepale, nikiwa nimebeba nakala ya mchoro wa Freedomland niliyoitoa katika tangazo la kabla ya kufunguliwa kwake. Tulisimama kwenye maegesho ya magari, mimi nikiuzungusha mchoro nipate kujua Chicago ilikuwa upande upi. Shangazi alinivumilia kwa dakika kumi, kisha akasema, «Mwanangu, wali unapoa.» Hatukuona jiwe wala ubao. Nilirudi na ule mchoro ukiwa na alama ya kidole chenye mafuta ya pilau, na kwangu mimi alama ile imekuwa sehemu ya mkusanyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji mweusi hawezi kulipita, na ambalo kwa maoni yangu msomaji yeyote asilipite. Hesabu nyuso. Katika picha na matangazo ya bustani za burudani ya miaka ile utapita kurasa nyingi bila kukutana na familia ya watu weusi, na kukosekana huko hakukutokana na kwamba hawakutaka kwenda. Disneyland haikuwazuia Weusi mlangoni, lakini bustani nyingi za miji mingine ziliwazuia. Katika barua aliyoiandika gerezani Birmingham mwezi Aprili 1963, Martin Luther King alieleza jinsi mzazi anavyopata kigugumizi anapotaka kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni, na jinsi machozi yanavyomjaa mtoto anapoambiwa kwamba Funtown imefungwa kwa watoto wa rangi yake. Rudi sasa kwenye jarida langu la tranka. Toleo lile ni la Agosti 1963. Tarehe 28 ya mwezi huohuo, siku ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za Weusi, bustani ya Gwynn Oak karibu na Baltimore iliwafungulia Weusi milango yake kwa mara ya kwanza, baada ya waandamanaji wengi kukamatwa hapo mwezi Julai. Sharon Langley, mtoto ambaye hata mwaka mmoja alikuwa hajatimiza, alipandishwa siku hiyo kwenye mmoja wa farasi wa mbao wanaozunguka. Farasi wale baadaye walihamishiwa Washington.

Hapa Cleveland nina jirani, bibi Mmarekani Mweusi aliyevuka miaka 80, ambaye nilimwonyesha kwa furaha kurasa zangu kuhusu Euclid Beach, bustani ya kando ya Ziwa Erie iliyofungwa mwaka 1969 na kuacha lango lake la tao tu. Alizitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha aliweka kidole juu ya ukumbi wa dansi na kuniambia kwamba muziki wake aliujua vizuri, kwa kuwa ulisikika mpaka nje. Tangu siku hiyo sinunui toleo la jarida la picha bila kutafuta toleo la Ebony, jarida la Wamarekani Weusi, la kipindi hichohicho. Matoleo mengi ya Ebony na ya Life, lile jarida la picha la kila wiki, yanasomeka bure katika hifadhi ya vitabu ya Google, kurasa zote pamoja na matangazo, kwa hiyo ukosefu wa fedha usiwe kisingizio.

Sisi wa Afrika Mashariki tunakutana na jaribu letu wenyewe. Disneyland ilifunguliwa ikiwa na safari ya mashua katika mto wa msituni, iliyochanganya Nile, Kongo na mito mingine ya mbali, na yenye viboko wa mitambo ambao nahodha aliwafyatulia bastola ili waondoke njiani. Walt Disney alifikiria kuweka wanyama hai, akaelezwa kwamba wangelala au kujificha mchana kutwa. Mtu yeyote aliyekaa karibu na Mto Pangani angemwambia hivyo bila malipo. Zilikuwepo pia sanamu za «wenyeji» zilizotengenezwa kwa dhihaka, na ni mwaka 2021 tu ambapo kampuni ilitangaza kuziondoa. Picha za safari ile ni nyingi katika majarida. Zamani nilizifunua haraka kwa aibu, lakini siku hizi nazisoma polepole kuliko nyingine, maana ndizo zinazonieleza tulivyochorwa katika miaka ileile ambayo nchi zetu zilikuwa zikipandisha bendera zao.

Kuhusu ununuzi sina mengi. Niliwahi kulipia kupitia mtandao jarida lililoelezwa kuwa kamili, nikapokea jarida zuri lililokatwa kurasa nne katikati, ambazo bila shaka zilikwisha kuuzwa peke yake kwenye fremu. Ningemlaani muuzaji kama nisingekuwa nimewahi kufagia maktaba. Muombe muuzaji picha ya mahali kurasa zinapokutana na pini, na umuulize idadi ya kurasa. Yapendelee majarida yenye jina la mteja jalada la mbele. Wakusanyaji wakubwa huyadharau, hivyo bei hushuka, nawe unapata kujua lilisomwa wapi. Mkiyapeleka pwani, kumbukeni kwamba karatasi ya kung'aa ikipata unyevu hugandana kama maandazi ya jana, na pini hutoa kutu. Yalazwe bapa, mbali na jua na ukuta, ndani ya kasha la karatasi isiyo na asidi, na selotepu isiyakaribie kamwe.

Toleo la Agosti 1963 nililinunua katika mauzo ya vitu vya marehemu, katika nyumba iliyonusa sabuni na vitabu. Nilipofika nyumbani nilianza na ule ukurasa wangu, upande wa nyuma, nikausoma nikiwa nimesimama bado na koti. Kisha nikaufunua, na kati ya kurasa mbili za mbele zaidi kikadondoka kijitabu cha tiketi za Disneyland. Enzi hizo michezo ililipiwa kwa tiketi zilizopangwa kwa herufi, A ikiwa ya michezo midogo na E, iliyoongezwa mwaka 1959, ikiwa ya ile mikubwa. Wenye kijitabu hicho walikuwa wametumia D na E zote. Zilibaki A mbili, za senti 10 kila moja, na B moja yenye alama ya mkunjo, kama iliyofikiriwa na kuahirishwa. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1982. Nimezirudisha katika ukurasa uleule nilipozikuta, na mwanangu ameshaniuliza mara mbili kama bado zinafanya kazi.